Upanga Unaosalimu: Somo la Silaha za Kale kwa Watoto wa Butembo na Beni

Mtu anayenunua mupanga katika soko la Butembo, mashariki mwa Kongo, hana haraka. Huushika, huupima uzito, hugonga bapa lake kwa kucha asikie chuma kinavyolia, kisha hufumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kuona kama umenyooka. Wakielewana bei, muuzaji humkabidhi kwa namna moja tu: mpini kwa mnunuzi, makali upande wake mwenyewe. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Tumefunzwa nyumbani tungali wadogo, na mzazi akimwona mwanawe anampa mwenzake mupanga kwa makali humkemea hapohapo, hata mbele ya wageni.

Katika vilima vyetu mupanga ni chombo cha kazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hufyeka shamba la maharagwe, hupasua kuni za mikaratusi, hukata mgomba ulioanguka, huvunja ganda la kakao kule Beni na Oicha, humalizana na nyoka aliyeingia jikoni. Mkulima hutoka nao alfajiri na kurudi nao jioni, na watoto wanaompokea njiani hawauogopi. Au niseme hawakuwa wakiuogopa.

Tangu Oktoba 2014 neno hilo limebadilika ladha. Wauaji wa kundi lenye silaha la ADF walianza kuingia katika vijiji na mitaa ya pembezoni mwa Beni, na silaha yao mara nyingi ilikuwa chombo hichohicho cha shambani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Juni 2023 ilikuwa zamu ya shule: Mpondwe, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasindi, upande wa Uganda, wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha waliuawa usiku katika mabweni yao, wengine kwa moto, wengine kwa mapanga. Butembo imepokea waliokimbia mauaji ya Beni. Katika darasa moja la mjini hapa unaweza kukuta mtoto ambaye kwake mupanga ni kazi ya baba, na pembeni yake, kwenye benchi hilohilo, mtoto ambaye kwake mupanga ndio uliomchukua baba.

Kwa hiyo mtu akisimama leo na kusema tuwakusanye watoto wa shule za Butembo na Beni uwanjani, waangalie onyesho la upanga wa kale wa Ulaya, watu wawili wenye barakoa za waya wakipambana kwa chuma mbele yao, mzazi wa Beni ana haki ya kumuuliza kama akili zake ziko sawa. Swali hilo nimelibeba kwa muda mrefu, na jibu langu limekuwa likikomaa polepole. Naamini onyesho hilo lina nafasi hapa kwetu, tena nafasi kubwa. Lakini haliwezi kuja jinsi linavyokwenda katika shule za Ulaya, mtu akashuka garini na sanduku la panga na kuanza. Lazima liingie kwa mlango wetu, na mlango huo upo.

Padri na mwanafunzi wake

Kitabu cha zamani kuliko vyote vya kufundisha upanga vilivyosalia Ulaya kilitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 14. Leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza, na wanaokisoma wanakiita kwa namba yake tu, I.33. Maneno yake ni ya Kilatini na kurasa zimejaa picha za rangi. Anayefundisha ndani yake ni padri. Amenyolewa utosi kama watawa wa zamani, amevaa joho refu, mkono wa kulia una upanga, wa kushoto una ngao ndogo ya duara isiyozidi sahani ya ugali. Anayefundishwa hana jina, ameitwa mwanafunzi tu. Kuelekea mwisho wa kitabu nafasi ya mwanafunzi inachukuliwa na mwanamke aitwaye Walpurgis, naye anapambana na padri bila kupunguziwa chochote.

Katika jimbo katoliki la Butembo-Beni, ambako vizazi kadhaa vimejifunza kusoma mikononi mwa mapadri na masista, nadhani hakuna picha ya kizungu ambayo mtoto ataielewa haraka kuliko hiyo. Atacheka kwanza. Kisha atauliza padri anafanya nini na upanga, na hapo somo limeanza.

Padri huyo haanzi na kupiga. Anaanza na kusimama. Anasema kuna mikao saba, na kila pigo duniani huzaliwa katika mmoja wa mikao hiyo. Mkao wa kwanza ni upanga umefichwa chini ya kwapa la kushoto na ngao imenyooshwa mbele. Mtu akiwa hapo anaonekana kama aliyejikumbatia. Upanga unapotoka, ngao haibaki mbali nao. Huufuata, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kukinga ule mkono ulioshika mpini. Ukiangalia watu wawili wanaojua wakifanya hivyo taratibu, huoni ukali. Unaona watu wawili wanaosikilizana kwa mikono, kila mmoja akingoja kujua mwenzake anakwenda wapi.

Karibu miaka 100 baadaye Mwitalia Fiore dei Liberi aliandika kitabu chake, mnamo 1409 au 1410. Huyu alikuwa mtu wa mapambano ya kweli. Anasimulia kwamba mara tano walimu wenzake walimlazimisha kupigana nao kwa panga zenye makali, bila deraya, amevaa koti la kitambaa na glavu za ngozi tu. Lakini alipotaka kueleza sifa za mpiganaji alichora mtu mmoja amezungukwa na wanyama wanne. Juu ya kichwa kuna paka mwitu wa Ulaya, ambaye ni busara na jicho linalopima. Upande mmoja chui milia, ambaye ni wepesi. Upande wa pili simba, ambaye ni moyo. Na chini miguuni, akiwa amebeba mnara mgongoni, tembo. Tembo ni uimara: yeye hapigi magoti wala hapotezi mguu. Mwalimu yeyote wa jiografia aliyewahi kuwaambia watoto juu ya hifadhi ya Virunga anaweza kuanzia hapo.

Jambo ambalo huwashangaza watu zaidi katika maonyesho haya ni uzito. Filamu zimetudanganya kwamba upanga wa askari farasi ulikuwa jiwe la kusagia, kwamba uliinuliwa kwa shida. Ukweli ni kwamba upanga mrefu wa mikono miwili wa karne ya 15 ulikuwa na kilo moja na nusu hivi, wakati mwingine pungufu. Mama anayepanda Butembo na mzigo wa ndizi kichwani anaubeba kwa kidole.

Kuna lingine, nalo ndilo lililonivuta mimi mtu wa kalamu. Sanaa hii ilikufa. Bunduki zilipochukua nafasi, walimu wa upanga wa kale walikufa na ujuzi wao, na mchezo wa upanga wa kisasa ukaenda njia yake. Hakuna babu aliyebaki wa kuulizwa. Kilichobaki ni vitabu. Katika miaka ya 1880 na 1890 Waingereza wawili, Alfred Hutton na Egerton Castle, walianza kuvisoma upya na kupanda majukwaani London kuonyesha walichokisoma, Castle akieleza, Hutton na wenzake wakitenda. Walipoondoka, kazi ikalala. Iliamka tena katika miaka ya 1990, watu wa nchi nyingi walipoanza kubadilishana nakala za miswada ya kale, kufasiri Kilatini, Kijerumani na Kiitaliano cha zamani, na kujaribu kila sentensi kwa mwili. Wanasoma mstari, wanasimama, wanajaribu, wanakosea, wanarudi kwenye mstari. Kwa hiyo onyesho zuri la upanga wa kale ni somo la kusoma. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba maandishi yanaweza kufufua kitu kilichozikwa miaka 500. Mwalimu wa Kifaransa wa Butembo, anayepigana kila siku na wanafunzi wanaokariri bila kuelewa, atanielewa.

Kisu cha mamlaka

Mlango wetu niliousema uko mbali na Butembo, upande wa pili kabisa wa nchi, lakini ni wa nchi hii.

Meli za Mreno Diogo Cão zilifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa. Mwanawe Mvemba a Nzinga, ambaye vitabu vinamwita Afonso wa Kwanza, alitwaa kiti mwanzoni mwa karne ya 16 baada ya kupigana na ndugu yake, na alieleza ushindi wake kwa habari ya Mtakatifu Yakobo aliyetokea angani na wapanda farasi wake. Tangu hapo tarehe 25 Julai, sikukuu ya mtakatifu huyo, ikawa sikukuu kubwa ya ufalme, na nembo ya wafalme wa Kongo ikachorwa mikono yenye deraya iliyoshika panga.

Afonso alipenda shule. Katika barua yake ya mwaka 1514 anaeleza alivyojenga ua mkubwa wa kusomeshea vijana hadi 400, wenye kuta ndefu na miba juu yake ili wasiruke na kutoroka. Kila mkuu wa shule niliyewahi kumsomea habari hiyo ametabasamu.

Na upanga? Wahunzi wa Kongo waliupokea upanga wa Mreno wakaufanya wao. Walichukua umbo la mpini wake, ule wenye vyuma viwili vya kukinga mkono, wakaufua upya kwa mtindo wao: chuma kimoja kimejikunja kuelekea ncha, cha pili kimejikunja kuelekea kiganja, na katikati pamesimama kama msalaba. Ukaitwa mbele a lulendo. Msomaji wa Kiswahili asitegwe na sauti: katika Kikongo mbele ni kisu, na anayesema Lingala amekwisha kulitambua neno, mbeli. Lulendo ni mamlaka. Kisu cha mamlaka. Chifu alikabidhiwa siku ya kusimikwa, na aliushika alipoamua kesi. Panga za namna hiyo zimesalia katika makumbusho, pamoja na ile ya Tervuren nchini Ubelgiji.

Upanga huo ulikuwa na onyesho lake mbele ya watu. Liliitwa sangamento, neno la Kikongo, kusanga, yaani kuruka na kucheza kivita, likiwa limevikwa mkia wa Kireno. Wakuu wa ufalme walitoka uwanjani na watu wao siku za sikukuu, au kabla ya vita, au kumpokea mgeni. Walianza wakiwa wamevaa kienyeji, manyoya kichwani, pinde na mishale mikononi. Kisha walirudi na mavazi yaliyochanganya ya Kongo na ya Ulaya, misalaba vifuani na panga mikononi, wakarukaruka, wakakwepa kwa mwili, wakashambulia hewa, wakaonyesha wepesi na shabaha mbele ya mfalme na watu wote. Mmisionari Mkapuchini Bernardino d'Asti aliyefanya kazi huko katika karne ya 18 alichora mandhari hiyo kwa rangi ya maji mnamo 1750: kanisa dogo, padri anabariki, mkuu amepiga goti, na nyuma yake wanaume wake wakicheza. Mwanahistoria Cécile Fromont amezichambua picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 2014, na ameonyesha jinsi watu wa Kongo walivyouchukua upanga wa kigeni na kuufanya useme habari zao wenyewe. Walipochukuliwa utumwani kwenda Brazil walikwenda na mchezo wao, na hadi leo huko kuna sikukuu za wafalme wa Kongo zenye ngoma na panga.

Kwa hiyo anayekuja Butembo na upanga wa Ulaya haleti kitu ambacho Mkongomani hajawahi kukishika. Miaka 500 iliyopita tuliushika, tukaubadilisha, tukaucheza hadharani, tukausalimisha mbele ya madhabahu na mbele ya wazee. Mtoto wa shule ya Beni anapaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa habari za askari farasi wa Ujerumani.

Anapaswa kujua na upande wa pili. Mfalme huyohuyo Afonso, mwaka 1526, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakuu, na kuwauza. Upanga na minyororo vilishuka katika meli moja. Na karne nne baadaye Ulaya yenye vitabu vya adabu ya upanga ilitawala Kongo kwa kiboko, ambacho hakikuwa na adabu yoyote: hakuna salamu, hakuna aliye sawa na mwenzake, hakuna wa kusema basi. Onyesho linaloficha hayo ni sarakasi. Likiyasema, ni historia.

Waliotangulia

Wapo waliokwisha kujaribu kumpa mtoto aliyeona mabaya mchezo wa mapambano wenye sheria. Goma, kuanzia 2014, watoto waliotolewa katika makundi yenye silaha walifundishwa capoeira ya Wabrazil, katika mradi uliowaunganisha UNICEF na ubalozi wa Brazil. Duara, ngoma, wawili katikati, teke linalopita karibu na uso bila kugusa. Capoeira yenyewe ilizaliwa na watumwa wa Kiafrika, kwa hiyo ilikuwa kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Popole Misenga ni wa Bukavu. Alikuwa na miaka 9 vita vilipomtenganisha na familia yake huko Kisangani. Aliokotwa msituni baada ya siku nane, akapelekwa Kinshasa, na huko akakutana na judo. Baadaye alikimbia timu iliyokuwa ikimtesa, akabaki Brazil, na mwaka 2016 aliingia katika michezo ya Olimpiki ya Rio akiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Alishinda pambano lake la kwanza. Mtu aliyelelewa na msitu kwa siku nane aliinama kumsalimu mpinzani wake mbele ya dunia nzima, kabla na baada.

Nairobi nako, upande wa Mathare, Mburu Wanyoike, aliyewahi kuzama katika magenge ya uhalifu, amewakusanya watoto wa mtaa katika klabu ya Tsavora Fencing Mtaani na kuwafundisha mchezo wa upanga wa kisasa. Wanajifunza nje, juu ya saruji na vumbi, nguo nyeupe zikipishana na kamba za kuanikia. Naye Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani na baba Mkenya, alichukua medali ya fedha ya ubingwa wa dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia Kenya na kuiwakilisha katika Olimpiki ya Paris 2024, akiwa wa kwanza kutoka nchi hiyo katika mchezo huo.

Pwani hawakuhitaji kungoja Olimpiki. Lamu, wakati wa Maulidi, kirumbizi huchezwa hadi leo: wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zinawasukuma, wanazungukana, wanapimana, fimbo inagonga fimbo. Ni mchezo wa upanga bila upanga, na bibi na mjukuu wake huutazama pamoja wakiwa wamesimama ukutani.

Fimbo mbili uani

Jumamosi moja niliwaita wapwa zangu uani. Nilikuwa nimekata fimbo za mkaratusi, nimezimenya, nimezipiga msasa, na ngao zilikuwa mifuniko ya sufuria ya dada yangu, ambayo aliitoa kwa shingo upande. Nilitaka kujaribu ule mkao wa kwanza wa padri, fimbo chini ya kwapa, mfuniko mbele. Wavulana wawili wakubwa waliushika kwa dakika tano. Ni wepesi wa kuiga.

Mlangoni alikuwa amesimama msichana wa miaka 9, mtoto wa mama aliyepanga kwa jirani baada ya kuhama kutoka upande wa Beni. Hakuingia. Alitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Mujomba, hii ni ya kuchezea ao ya kuuwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwamo. Nikampa fimbo aishike, mpini mbele. Akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini akitafuta makali. Hakuyakuta. Akanirudishia, naye, bila kuambiwa, akanipa kwa mpini.

Hakutaka kucheza. Nikamwomba basi awe msimamizi: akisema "Simama!" kila mtu agande alipo, hata kama fimbo iko hewani. Wavulana wakaanza. Hatua, kinga, pigo la bega, mfuniko ukalia. "Simama!" Wakaganda. Mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja na bado hakuthubutu kuushusha. Msichana akangoja, akawaangalia mmoja baada ya mwingine, kisha akawaruhusu. Baada ya pumzi tatu: "Simama!" Wakaganda tena. Hapakuwa na kosa lolote la kusimamisha. Alikuwa anahakikisha kwamba neno lake linafanya kazi.

Alisema neno hilo jioni nzima. Wavulana walichoka, jasho likawatoka, lakini hakuna aliyemwambia inatosha. Mama yake alikuja kumchukua jua likiwa linashuka, akasimama palepale mlangoni alipokuwa binti, akatazama. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata msichana alifika mapema, na safari hii aliomba mfuniko. Fimbo hakuitaka, mfuniko tu.

Tangu siku ile najua kitu gani kinafanya mapambano yawe mchezo. Nilidhani ni barakoa, ncha butu, au ujuzi wa mwalimu. Hivyo vyote vinahitajika. Lakini kinachotangulia ni kwamba wawili wamekubali, wanaonekana, wamesalimiana, na kuna sauti inayoweza kusimamisha kila kitu ikasikilizwa. Waliokuja Rwangoma walikuja gizani, hawakusalimu mtu, na watu walilia wasisikilizwe. Mtoto anajua tofauti hiyo kuliko sisi. Anachohitaji ni kuishika mkononi.

Kwa walimu na kwa wageni

Ndiyo maana namwambia yeyote anayetaka kuleta onyesho hili Butembo, Beni, Lubero au Oicha: siku ya kwanza acha chuma nyumbani. Hata kile butu kilichotengenezwa kwa mazoezi, chenye ncha iliyoviringwa, hakijui kujieleza kwa mtoto aliyeona usiku wa aina ile. Mwanga unaometa juu ya chuma unatosha kumtoa darasani. Leta fimbo, leta picha za padri na Walpurgis, leta picha za Bernardino, leta tembo wa Fiore. Chuma kinaweza kuja mwezi wa pili au mwaka wa pili, baada ya wazazi kukiona kwanza na kukubali.

Mkuu wa shule na aite wazazi kabla, si kwa barua iliyopelekwa na mtoto, bali kwa kikao, na aliyefiwa apewe nafasi ya kusema hapana bila kueleza sababu. Mwanawe asilazimishwe kutazama. Onyesho lifanyike mchana, uwanjani, milango ikiwa wazi, na mtoto yeyote aweze kuondoka bila kuulizwa anakwenda wapi. Palipo na mtu wa kusaidia walioumia moyoni, katika hospitali au parokia, awepo, akae miongoni mwa watoto na sio jukwaani na wakubwa. Askari wasialikwe kupamba sherehe. Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na watoto wanaona sare za kutosha barabarani.

Wageni kutoka Ulaya au Nairobi watakaokuja na nia njema nawaomba jambo moja zaidi: msianze na ufundi wenu. Anzeni na mpini. Muulizeni mtoto yeyote wa Butembo namna ya kumpa mtu mupanga, naye atawaonyesha, mpini mbele, makali upande wake. Ni salamu ya zamani kama zile za walimu wenu, na ameijua kabla hamjafika. Mkianzia hapo, mwenyeji ni yeye.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje wageni wala msaada wa shirika. Mikaratusi imejaa vilimani, mifuniko ya sufuria iko katika kila nyumba, na habari za Afonso na sangamento zinaweza kusimuliwa kwa saa moja ya somo la historia. Chagueni watoto wawili, wafundisheni kusimama kabla ya kupiga, na neno la kusimamisha mpeni yule aliye kimya kuliko wote darasani.